Kabla ya kumlaumu shetani, muulize Bwana Msa

Ukimpeleka mtoto kliniki asubuhi, iwe unatoka Charambe, Kizuiani au Rangi Tatu, mkoba wako unaujua: kadi ya kliniki, chupa ya maji, kanga ya kumfunikia, na kadi ya bima kama unayo. Leo nakuomba uongeze kitu kimoja, riwaya ya upelelezi. Foleni ni ndefu na simu huisha chaji. Hata hivyo, sababu yangu kubwa si kupoteza muda. Naamini mzazi aliyezoea hadithi za upelelezi huingia kwa daktari akiwa amejiandaa vizuri zaidi.

Anza na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Wengi wanamjua kama baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa mwandishi wa habari alifanya kazi Idara ya Afya, akiwa mkaguzi. Alikuwa Bwana Afya, kama tunavyowaita. Kazi ya Bwana Afya ni kufunua mitungi, kuchungulia mitaro na vyoo, na kuuliza: ugonjwa huu umeingilia wapi? Sishangai kwamba mtu wa kazi hiyo ndiye aliyetuletea Bwana Msa.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu wa kale, mahali ambapo watu wanapaogopa tangu enzi za mababu. Ni rahisi kusema wazee wamekasirika na kuliacha jambo hapo. Bwana Msa hakubali. Anavuta kiko chake, anauliza nani alionekana wapi, saa ngapi, na akina nani walikuwa na sababu. Utamu wa kitabu uko hapo: historia na hofu za kale zimetanda kila mahali, na katikati yake yupo mtu mmoja mtulivu anayedai ushahidi. Kisima cha Giningi, kilichofuata mwaka 1968, nacho kimechukua jina la mahali pa wachawi katika masimulizi ya Unguja.

Sasa turudi nyumbani kwako. Saa nane za usiku mtoto ana homa kali, ghafla anakakamaa, macho yanageuka, mwili unatetemeka. Jirani anasema ni degedege, dege ameruka juu ya paa, msimpeleke hospitali, mtafuteni mtaalamu amfukize. Simcheki jirani huyo. Anasema alichorithi kwa bibi yake, na anampenda mtoto wako. Lakini degedege mara nyingi huletwa na homa kali, na nyuma ya homa hiyo inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au ugonjwa wa uti wa mgongo. Malaria kali huua kwa saa, si kwa wiki. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, usimkandamize, na muondoke kwenda hospitali. Maswali mengine yatafuata mkiwa njiani.

Kosa la pili halina mzimu, lakini ni la aina ileile. Mtoto amechemka, mzazi anasema "hii ni malaria tu", anakwenda duka la dawa na kununua dawa mseto bila kipimo. Huko ni kumhukumu mshtakiwa wa kwanza aliyepita mlangoni. Homa inaweza kutokana na nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, taifodi au dengi. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kwa nini umnyime mtoto nusu saa ya uchunguzi?

Uhusiano wa tiba na upelelezi ni wa zamani. Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Sherlock Holmes, alikuwa daktari, na Holmes alimchonga kwa mfano wa mwalimu wake wa tiba kule Edinburgh, Joseph Bell, aliyesifika kwa kumtazama mgonjwa na kutambua mengi kabla hajaambiwa. Naye Bwana Msa ana damu ya Holmes.

Lakini tofauti na wagonjwa wa Bell, mtoto wako ana dakika chache tu mbele ya daktari mwenye foleni ndefu. Ushahidi lazima uje nao wewe. Homa ilianza siku gani, na hupanda saa ngapi? Amekojoa mara ngapi tangu asubuhi? Ametapika, ameharisha, anakohoa? Amekunywa dawa gani, kiasi gani? Beba pakiti yenyewe, hata kama ni ya mitishamba. Usifiche kwa kuona haya. Shahidi anayeficha jambo ndiye anayempoteza mpelelezi.

Wapo watakaosema riwaya hizi zina mauaji, si za watoto. Ni kweli kwa wadogo. Kijana wa sekondari anaweza kusoma, na ni heri alale na Bwana Msa kuliko na mwanga wa simu hadi usiku wa manane. Wengine wataogopa kwamba mzazi atajifanya daktari. Hapana. Kazi yako ni kukusanya ushahidi, ya daktari ni kutoa uamuzi.

Jambo moja tu usimuige Bwana Msa. Yeye anaweza kusubiri hadi sura ya mwisho. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kutoamka vizuri, hasubiri hata kurasa mbili. Funga kitabu, mbebe, nenda.