Nchi haina tabia, wenye tabia ni sisi

KIBARAZANI na Mzee Kibatari

"Mzee Kibatari, haya mabadiliko ya tabianchi yatatumaliza."

Maneno hayo ni ya Jirani. Aliyasema alfajiri ya Alhamisi, suruali kaikunja mpaka magotini, ndoo mkononi, akinisaidia kukumba maji sebuleni kwangu. Kwa ndoo namshukuru. Kwa kauli, hapana. Wakati ule mimi na Mama Watoto tulikuwa tunainua friji kuipandisha juu ya matofali. Nilitaka kumjibu, lakini mtu aliyebeba friji hana pumzi ya kugombana.

Kwa mgeni wa kibaraza hiki: Jirani ndiye yule wa jogoo aliyekuwa akiwika saa saba usiku, na ndiye yule wa jenereta. Jogoo alishaliwa Idi. Jenereta bado tunayo.

Na mwezi mmoja na nusu uliopita, Jirani alikata mwembe.

Ulikuwa mwembe dodo, shina lake watu wawili wakilikumbatia mikono haikutani. Niliukuta nilipohamia mtaani, na walionipokea nao waliukuta. Chini yake asubuhi palikuwa na mama wa chapati na supu. Mchana palikuwa na vijana wa bodaboda na drafti yao ya vizibo vya soda. Jioni alikuja muuza kahawa na vikombe vyake, na watoto waliotoka madrasa walirusha mawe juu, nasi tukiwakemea huku tukiombea embe lidondokee upande wetu.

Wakaja vijana wawili na msumeno wa petroli. Walianza baada ya chai. Adhuhuri inaadhiniwa, mti uko chini. Nilitoka nikamwuliza mwenzangu sababu.

"Majani yanachafua uwanja," akanijibu. Alitaka kupiga pevingi magari mawili yaegeshwe (analo moja), na upande wa barabarani ainue fremu tatu za kupangisha.

"Na kivuli, Jirani?"

"Nitafunga kiyoyozi."

Ni mtu wa kutimiza ahadi, akafunga. Mgongo wa kiyoyozi chenyewe ameuelekeza kwenye dirisha la chumba changu cha kulala. Yeye anapoa, mimi naiva. Vijana wa bodaboda nao wamehamia ukutani kwangu, drafti, vizibo na matusi yao ya mpira.

Turudi kwenye maji. Uwanja wa Jirani ulikuwa wa mchanga, umejaa majani makavu na mizizi, na mvua ikinyesha ulikuwa unainywa. Leo ni pevingi ukuta hadi ukuta. Fundi wake nitamsifu, kwa sababu mteremko ameupima vizuri kweli: hakuna tone linalobaki kwake. Yote yanakuja getini kwangu.

Mtaro wa barabarani ndio ungeniokoa. Asubuhi ile ile nilimchukua mjumbe tukaenda kuukagua. Tulikuta chupa za maji zisizo na idadi, pampasi, nusu ya godoro, na mifuko ya rambo iliyosokotana na kuwa kamba. Rambo zilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Mtaroni kwetu tangazo halijafika. Mjumbe alitikisa kichwa, akatazama juu mawinguni, akasema, "Tabianchi, mzee wangu." Naye!

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ugomvi wangu si na Jirani peke yake, ni na neno. Waliotupa neno tabianchi nia yao ilikuwa njema, sina shaka. Lakini sikilizeni linavyotamkwa. Utadhani nchi ni kijana aliyeanza kunywa pombe na kurudi usiku, na sisi ni wazazi wake tunaosikitika. "Siku hizi tabia yake imebadilika." Nchi haina tabia, ndugu zangu. Jua linachomoza kulekule. Maji yanashuka bondeni kama yalivyoshuka enzi za mababu. Aliyebadilika tabia ni aliyeshika msumeno.

Msinitumie ujumbe kwamba mzee anapinga sayansi. Joto la dunia lipo, na moshi uliolileta tunajua ulikotoka: makaa ya mawe na mafuta ya wakubwa wa Ulaya, Marekani na sasa China. Afrika nzima mchango wetu kwenye moshi wa kila mwaka haufiki hata asilimia 5. Wana deni kwetu, nao walipe. Na mvua za siku hizi si za mchezo: Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha kwa mvua za msimu mmoja. Lakini kwenye mtaa wetu hakuna Mzungu aliyekuja na msumeno, wala hakuna Mchina aliyetupa godoro mtaroni. Mvua inaweza kuwa imetoka mbali. Mafuriko tunayatengeneza hapahapa.

Utazame Mto Msimbazi. Unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini Daraja la Salenda. Bonde lake ni chumba chake cha kulala. Tukauvamia, tukajenga nyumba, tukaweka hata karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani, halafu kila masika barabara ikifungwa tunashangaa. Ni jiji gani jingine ambalo mahali panapoitwa Jangwani ndipo panapojaa maji? Desemba 2011 zaidi ya watu 40 walikufa kwa mafuriko, walionusurika wakapelekwa Mabwepande. Baadaye nyumba zikapigwa alama nyekundu ya X, zikabomolewa. Nyingine zikaota tena kama uyoga. Mto haukuwafuata watu. Watu ndio walioufuata mto kitandani kwake.

Wapo waliosimama kuzuia mambo ya namna hii. Mwaka 1989, jirani zetu Kenya walitaka kusimamisha ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akaandika barua hapa na pale, akatukanwa mpaka bungeni, hakunyamaza. Ghorofa halikujengwa. Mwanamke yule alizuia ghorofa 60, na mimi nimeshindwa na mwembe mmoja.

Na nimeshindwa vibaya, bora niseme mwenyewe kabla Mama Watoto hajapiga simu gazetini. Baada ya lile swali la kivuli niliingia ndani nikaendelea na chai yangu. Jioni Jirani aliniletea kikapu cha maembe ya mwisho. Nikapokea. Wiki iliyofuata akaleta gunia la mkaa uliochomwa kwa matawi yale yale. Nikapokea pia, tukapikia maharage, na nilisema yameiva vizuri. Kwa hiyo maji yalipoingia sebuleni yalikuwa yanakuja kwa mtu yanayemfahamu.

Aprili 1 ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Mtaani kwetu kamati imeshaundwa. Kuna bajeti ya fulana, bajeti ya maji ya chupa (na chupa mnajua zitakakolala), na mgeni rasmi. Mwenyekiti wa kamati ni Jirani.

Basi nikuombe, Jirani, maana najua unaisoma safu hii. Gazeti unaloliazima kila Jumapili ni langu. Sihitaji fulana. Ng'oa mstari mmoja wa pevingi kando ya ukuta wetu, upana wa jembe, maji yapate pa kuingilia. Mche usinunue. Kokwa moja la maembe yako nililifukia kwenye kopo la rangi nyuma ya jiko, na juzi limechipua. Shimo nitachimba mwenyewe, na maji nitamwagilia mwenyewe.

Na kile kiyoyozi, mzee mwenzangu, kigeuze.