Roketi za Ngomeni na Bati la Biskuti

Huko Marekani na Uingereza wako watu ambao siku zao za mapumziko huzimaliza minadani na katika maduka ya vitu vikuukuu, wakitafuta mapambo ya keki. Si keki yenyewe, la. Ni visanamu vya plastiki: mwanaanga mwenye kofia ya duara, roketi ya urefu wa kidole, chombo cha miguu minne, vitu ambavyo akina mama walivichomeka juu ya keki za watoto wao zama zile Apollo 11 ilipotua mwezini, Julai 1969. Vingi vilitengenezwa Hong Kong na kuuzwa kwa bei ya peremende. Leo mwenye navyo seti kamili, rangi haijachubuka, havitoi kwa bei rahisi.

Mzee wa kwetu asiyependa sanamu ndani ya nyumba atauliza plastiki hiyo ina faida gani. Swali lake ni la haki. Lakini mkusanyaji hanunui plastiki, ananunua mwaka ule.

Sasa tutazame pwani yetu. Mtoto wa Chicago alikuwa na roketi juu ya keki. Mtoto wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, alikuwa na roketi yenyewe baharini. Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walisimamisha majukwaa ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, San Marco na Santa Rita, maana karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupata kasi. Tangu Aprili 26, 1967 hadi Machi 25, 1988, setilaiti 9 zilipaa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani ziitwazo Scout. Moja ilirushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikapewa jina la Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, na Riccardo Giacconi, kiongozi wa wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwengu mzima.

Je, sisi tumebakiwa na nini? Wakusanyaji stempu wa ng'ambo wanazo bahasha zenye muhuri wa posta ya Malindi na tarehe za kurushwa vyombo hivyo, nao huzitunza kama dhahabu. Hapa kwetu, aliyefanya kazi na Waitaliano wale huenda aliacha picha mbili tatu, kitambulisho cha kazi, pengine barua ya mshahara, vyote ndani ya bati la biskuti mvunguni mwa kitanda. Kisha huja usafi wa kuelekea Idi, au siku ya kugawa mirathi. Nyumba hugawiwa, minazi huhesabiwa, na bati humwagwa jaani pamoja na risiti za zamani.

Tumekwisha kuyaona haya. Milango ya nakshi na makasha ya Lamu yalitoka majumbani kwa bei ya kutupwa, wenyewe wakiona wamepunguza mzigo, na leo mjukuu huyatazama katika picha za vitabu vya watalii. Atakayesema kuhifadhi makaratasi ni israfu naomba aniambie bati moja linakula nafasi ya nani.

Simwambii mtu aende kung'oa chuma baharini; kituo kile bado kina wenyewe na bado kinapokea habari za setilaiti. Nasema juu ya vilivyomo majumbani. Makumbusho ya Malindi yangefanya jambo jema kutangaza siku moja tu, watu walete picha zao, zinakiliwe, kisha warudi nazo nyumbani. Na waokaji wetu, ambao keki za watoto huzipamba kwa wahusika wa katuni za kigeni, wangeweza kujaribu jukwaa la Ngomeni: sukari ya buluu ndiyo bahari, na roketi katikati.

Lakini picha kwanza. Wazee walioziona roketi zile zikipaa wanapungua kila mwaka, na picha isiyoandikwa jina nyuma, akishafariki anayewajua waliomo, hakuna atakayeitambua. Kalamu ya risasi yatosha: jina, mahali, mwaka.