Msiipime Karakana ya Marehemu kwa Mizani ya Chuma Chakavu

Imeingia desturi moja mbaya katika vijiji vyetu vya Kang'ata, na katika Handeni na Korogwe kwa jumla, nasi walimu tumeona haifai kuinyamazia tena. Fundi akifa, hata arobaini yake haijafika, jamaa zake huifungua karakana aliyoiacha, humwita mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani yake, wakauza kila kitu kwa uzito: mashine ya kuranda, msumeno wa duara, jiliwa, fuawe, mota na kapi zake. Fedha hugawanywa chini ya mti, kila mtu akaenda kwake. Siku ile ile kijiji kimekosa karakana, na mjane amekosa chakula cha mwaka kesho.

Hatusemi ya kuwa ni dhambi kuuza mali ya urithi. Mashine si kaburi, wala si lazima ikae mahali pamoja milele. Tunalolipinga ni kuuza kwa haraka, kuuza bila haki, na kuuza kitu kizima kana kwamba ni kitu kilichokwisha kufa.

Twalijua jambo hili kwa kuliona. Palikuwa na fundi seremala mmoja, jirani ya shule yetu, ambaye madawati yetu mengi yalitoka mikononi mwake. Mguu wa dawati ukivunjika asubuhi, jioni ulikuwa umetiwa mwingine. Mashine zake hakuzinunua mpya. Alizinunua kuukuu, moja baada ya moja, na mkewe aliuza mahindi ya misimu kadha wa kadha ili mota ipatikane. Alikuwa na mwanagenzi aliyekaa naye miaka sita. Fundi alipofariki, ndugu zake na wapwa zake walikutana baada ya matanga. Mjane hakuitwa. Mwanagenzi alikuja kwa adabu, akawaambia, "Baba zangu, mashine ya kuranda nipeni mimi, nitailipa kidogo kidogo kila mwezi mpaka itimie." Akajibiwa, "Sisi twataka fedha leo." Mnunuzi akaipiga mota nyundo mbele ya macho yake ili aitoe shaba iliyo ndani, akakivunja kitanda cha mashine vipande vipande kwa kuwa kizima hakikubebeka. Mwanagenzi yule amekwenda mjini, na madawati yetu yaliyovunjika yamerundikwa nyuma ya darasa. Watoto wa marehemu mwenyewe hukaa chini wakiandika juu ya magoti.

Basi na tuzitazame sababu watu hawa wazitoazo, maana wanazo sababu, nazo husemwa kwa sauti kubwa.

Wa kwanza husema, "Mashine haigawanyiki. Sisi tu warithi wanane, tutaikataje?" Twajibu: ng'ombe wa maziwa naye hagawanyiki, lakini hatujapata kuona watu wenye akili wakimchinja ili wagawane maziwa. Mashine isiyogawanyika hutoa pato ligawanyikalo. Yaweza kukodishwa kwa fundi, kodi ikaletwa kila mwezi na kuandikwa katika daftari. Na kama warithi hawapatani, iuzwe kwa bei ya mashine, na fedha zake zigawanywe. Wanane watakaogawana bei ya mashine watapata zaidi ya wanane watakaogawana bei ya chuma.

Wa pili husema, "Hapana hata mmoja wetu aijuaye kazi hii." Neno hili ni kweli mara nyingi, lakini halielekei mahali wanapolipeleka. Ikiwa ninyi hamwijui kazi, hiyo ndiyo sababu ya kumtafuta aijuaye, si sababu ya kuiua mashine. Mtu aliyerithi kitabu asichoweza kukisoma hakitumii kuwashia moto. Humwuzia msomaji.

Wa tatu husema, "Chuma hula kutu, tukikawia tutapata hasara." Hili nalo ni udhuru mwepesi. Mashine za zamani zimeundwa kwa chuma cha kalibu kizito, na nyingine zimefanya kazi tangu babu zetu hata leo. Paka sehemu zing'aazo mafuta mazito, legeza mikanda, inua mashine juu ya magogo isiguse udongo wenye unyevu, funika kwa turubai, kisha funga mlango. Kazi hiyo ni ya siku moja, nayo yatosha kuilinda kwa miezi mingi. Kiharibucho mashine upesi kuliko kutu ni mikono ya jamaa: huyu achukua mkanda, yule visu vya randa, mwingine gurudumu moja la meno akalifanye jiwe la mlango. Bandu bandu huisha gogo. Mashine ya kukereza iliyopotewa na magurudumu yake ya meno na kishikio chake cha kazi haina bei tena ila bei ya mizani.

Wa nne husema, "Marehemu aliacha madeni, na msiba wenyewe umetugharimu." Madeni ya marehemu hulipwa kwa mali yake, nasi twakubali. Lakini mwenye deni ana haja zaidi ya bei nzuri kuliko asiye na deni. Kuuza kwa hasara hakulipi deni. Huliacha nusu, na nusu hiyo humwangukia mjane.

Wa tano ndiye aliye mgumu, maana hujificha nyuma ya mila. Husema, "Mali ni ya ukoo. Mwanamke alikuja na kanga zake, na ataondoka nazo." Twamwuliza: ukoo ulikuwa wapi siku ile mahindi yalipouzwa ili mota inunuliwe? Twajua ya kuwa Wazigua hapo zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa alikuwa na neno kubwa katika mali ya mjomba wake. Lakini wazee walitufundisha ya kuwa mrithi hurithi na mzigo pia: kulisha yatima, na kumtunza aliyeachwa. Siku hizi tumeona watu wakiishika mila kwa mkono wa kupokea tu, na mkono wa kutoa wameuficha mgongoni. Hiyo si mila. Ni choyo kilichovaa kanzu ya mila.

Nako si kwetu tu. Mwaka 1963 serikali iliandika kanuni za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba, na humo imeandikwa ya kuwa mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Ataangaliwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na jamaa za waume zao walilipeleka shauri lao mahakamani, wakashindwa, wakalipeleka mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ilindayo haki za wanawake. Mwaka 2015 Kamati ilisema ya kuwa wajane hao wamenyimwa haki, na ya kuwa kanuni hizo zapaswa kubadilishwa. Basi mtu asijivunie mbele yetu kanuni iliyokwisha kutahayarishwa mbele ya mataifa.

Tena watu wafahamu ya kuwa mali ya marehemu haina mwuzaji mpaka mahakama imweke msimamizi wa mirathi. Baba mdogo si msimamizi kwa kuwa ni baba mdogo, wala mtoto wa kwanza kwa kuwa alizaliwa kwanza. Kikao cha ukoo chaweza kumpendekeza mtu, lakini mahakama ndiyo impayo mamlaka. Kwa kanuni za Mahakama ya Mwanzo za mwaka 1971, msimamizi hupewa miezi minne kuleta orodha ya mali na hesabu yake, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza mtu kumnyima mtoto matumizi yanayofaa ya mali ya mzazi wake. Kwa hiyo auzaye mota kabla ya msimamizi kuwekwa ameuza kitu asicho na haki nacho, na anunuaye amenunua kesi. Wazee walisema zamani, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kama twataka mfano mkubwa zaidi, tutazame mashamba ya mkonge ya Korogwe. Mkonge uliletwa nchi hii mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katika miche 1000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ilifika ikiwa hai, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyotoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika mwaka 1964, na mashine kubwa za korona zichunazo majani zilinguruma mchana kutwa. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitwaliwa na serikali, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mazao yalikuwa yameanguka hata kama tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na kubwa mojawapo ni kamba za plastiki zilizoangusha bei duniani. Lakini wenyeji wa Korogwe watawaambia neno jingine: korona kuukuu iliyo na fundi wake huendelea kuzunguka, na korona iliyoachwa na fundi wake hugeuka duka la vipuri, kisha hugeuka chuma. Urithi wa mashine ni vitu viwili, chuma chenyewe na ujuzi wa mtu. Avitenganishaye amevipoteza vyote viwili.

Basi mwenye kutaka kuuza, auze hivi. Kwanza, ifungwe karakana siku ya msiba, na ufunguo upewe mtu mmoja mbele ya mashahidi, mjane akiwapo. Pili, iandikwe orodha ya kila kitu, hata tupa na patasi, na kila mashine iandikwe pamoja na visu, funguo na mikanda yake, ili isitenganishwe. Tatu, aitwe fundi asiye na haja ya kununua, aipime mashine. Afisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, yaweza kuulizwa shauri, na walimu wa vyuo vya VETA vilevile. Nne, mashine iendeshwe mbele ya mnunuzi, maana mashine inayozunguka hujieleza yenyewe. Tano, bei iandikwe, mashahidi watie sahihi, na fedha zipite mkononi mwa msimamizi, si mkononi mwa mwenye sauti kubwa.

Na katika kuuza huko yatupasa tuwe wakweli. Twakemea dhuluma kwa mjane, hatuwezi kuihalalisha dhuluma kwa mnunuzi. Mashine ya kukereza huliwa zaidi karibu na kichwa chake, maana ndipo kazi nyingi hufanyika. Basi mnunuzi aonyeshwe mahali hapo. Kama kitanda kina ufa, aambiwe, kwa kuwa chuma cha kalibu ni kigumu kuungwa. Kama mota yataka umeme wa njia tatu, naye kijijini kwake una njia moja tu, aambiwe kabla ya kulipa ya kuwa itampasa kubadili mota. Kufunika ufa kwa rangi ni wizi, hata ikiwa mwuzaji ni yatima.

Tena, kabla ya mgeni yeyote, aulizwe mwanagenzi wa marehemu. Yeye aijua mashine na kasoro zake, na akibaki kijijini, kazi imebaki. Mtu asituambie ya kuwa kulipa kidogo kidogo ni mchezo wa watoto. Kampuni ya Singer, ambayo vyerehani vyake vipo katika nyumba nyingi za kwetu, ilianza kuwauzia watu kwa malipo ya vipande katika miaka ya 1850 huko Marekani, na kwa njia hiyo ikaenea dunia nzima. Ikiwa kampuni ile iliweza kumwamini mshona nguo asiyemjua, je, sisi tutashindwa kumwamini kijana aliyekula nasi miaka sita? Yaandikwe mapatano, mashine isihesabiwe kuwa yake mpaka amalize, na malipo ya kila mwezi yaende kwa mjane na watoto. Hapo watoto watakuwa na ada, kijana atakuwa na kazi, na kijiji kitakuwa na fundi.

Mwisho twawageukia ninyi mafundi mlio hai, maana lawama nyingine ni yenu. Mnajua kupima mbao kwa unyofu wa unywele, lakini hamjaandika hata mstari mmoja juu ya mashine zenu. Andikeni ni zipi, mlizinunua kwa nani, na nani alitoa fedha pamoja nanyi. Wekeni hati za manunuzi mahali mke ajuapo. Andikeni wosia mbele ya mashahidi, mkiwa na afya na akili timamu. Na mfundisheni mtu kazi, ili siku mtakapolala, asikosekane wa kuziamsha mashine.

Sisi walimu hatuna karakana ya kurithi wala ya kuuza. Tunayo madawati yaliyovunjika nyuma ya darasa, na watoto waandikao juu ya magoti. Mwenye kutaka kutupinga na aje ayatazame kwanza, kisha aseme.