Chapa na Iwe ya Fundi Mwenyewe

Mikanda ya ngozi niionayo Naivasha imepigwa maua ya chapa za dukani. Wa fundi huyu na wa yule haipambanuki. Nasema fundi ajichongee chapa. Msumari mnene watosha: aukate ncha, ausawazishe uso kwa tupa, achonge nakshi, kisha aulainishe kwa msasa usije ukakata ngozi. Ngozi iliyotiwa dawa ya magome ndiyo ishikayo alama. Ailoweshe kidogo, agonge kwa nyundo ya mti.

Atasema chapa ya duka yamwokolea wakati. Kweli, lakini yampotezea jina. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika karne ya 19 kwa kazi ya ngozi na kunakili misahafu. Nakshi za misahafu ile hata leo zawatambulisha wenyewe. Ya Naivasha yatatambulikana kwa lipi?