Kuomba maji haiko kosa ya kazi

Bukavu. 

Siku ya ine, saa tatu ya asubui, nitaingia mu salle ya mikutano ya biro kwenye nimetumika miaka sita, na watu watatu wataniuliza juu ya nini nilituma imeli. Haiko imeli ya kuiba makuta. Haiko siri ya kazi, haiko matusi. Ni petisio ya watu wa avenue yetu, yenye inamuomba bourgmestre atuambie juu ya nini bomba zimekauka na lini maji itarudi. Niliituma na adresi ya kazi, saa sita na nusu ya muchana, wakati wa kupumuzika. Ku nyumba umeme ilikuwa imekatika siku tatu, simu haikuwa tena na mega hata moja, na wazee wa avenue walikuwa wananingojea mimi, sababu ni mimi niko na ordinatere mbele yangu kila siku. Ni vile tu.

Kisha juma moja nikapewa «demande d'explication». Kwa wenye hawajaipata bado: ni karatasi yenye mukubwa wa kazi anakuandikia kosa yako na kukupa saa 48 ujibu kwa maandishi. Wengi wetu tunaiogopa kuliko tunavyoogopa polisi. Ya kwangu ilikuwa na makosa mbili: «kutumia imeli ya kazi kwa mambo ya binafsi» na «kuharibisha jina ya biro». Nilijibu kurasa mbili, kwa adabu, na nikaweka signature. Jibu yenye nilipata ni kuitwa mbele ya komisio ya nidhamu, na pale chini ya barua wameandika maneno mbili: faute lourde. Mutumishi anajua ile inamaanisha nini. Unatoka siku ileile, bila preavi. Niko na watoto watatu, na mama yangu ni mugonjwa.

Sasa tuambiane ukweli. Katika biro yetu, imeli ya kazi inatumika kwa mambo ya binafsi kila siku, na wakubwa njo wa kwanza. Wakati binti ya mukubwa mumoja aliolewa, liste ya michango ilipita kwa imeli ya kazi, na jina ya kila mutu na franka yenye ametoa. Waliturudishia ile liste mara tatu ili wenye hawajatoa wasikie haya. (Mimi nilitoa. Ningefanya nini?) Matangazo ya matanga inapita mule. Mutu anauzisha parcelle yake, anaitangaza mule. Picha za Noeli, maombi ya asubui, mafundisho ya mupira, vyote vinapita, na hakuna mutu hata mumoja alipewa demande d'explication. Miaka sita ile sheria ilikuwa inalala. Imeamuka siku yenye mutu mudogo aliandikia mukubwa wa serikali.

Juu ya ile ninasema: kosa haiko imeli. Kama ningeomba michango ya arusi, leo ningekuwa ku kazi bila shida. Mutu fulani alimupigia direkteri simu kumwambia mutumishi wake «anafanya siasa». Ni nani, sijui. Lakini kisha ile simu wakafungua reglema, wakatafuta neno yenye inaweza kunifunga, wakaipata. Tuko tunazungumuza imeli ili tusizungumuze maji.

Na maji, tuizungumuze kidogo. Bukavu iko pembeni ya ziwa Kivu. Ukisimama ku mulango yetu unaona maji paka mwisho ya macho. Na watoto wetu wanaamuka saa kumi ya usiku na bidon ya litre 20, wanashuka mulima, wanapanda mulima, kisha wanaenda ku masomo na mashati yenye kulowana. Binti mukubwa wa jirani yangu anafanya ile njia mara mbili kila asubui. Ile ndio siasa yenye nimefanya.

Kuna kitu kingine kimeniumiza kuliko barua yenyewe. Wakati niliomba kuona dosie, walinionyesha farde moja nzito. Walitoa imeli zangu zote za mwaka muzima, kwa karatasi. Petisio ilikuwa mule, kurasa mbili. Zenye zilibaki? Imeli yenye niliandikia dada yangu juu ya ugonjwa ya mama. Matokeo ya maabara. Barua ya mwalimu wa mutoto. Mutu alikaa, akasoma ugonjwa ya mama yangu, akaipiga ku imprimante, akaitoboa na kuitia mu farde, na sasa watu watatu wataifungua ku meza siku ya ine. Hakuna mwenye alituambia kama barua zetu zinasomwa. Hakuna karatasi tuliwekea signature juu ya ile.

Konstitusio ya inchi yetu, article 31, inasema kila mutu iko na haki ya maisha yake ya binafsi kuheshimiwa, na siri ya barua zake na mawasiliano yake. Haiguswe paka pale sheria inaruhusu. Article 27 ni kama iliandikwa kwa ajili ya avenue yetu: kila Mukongomani iko na haki ya kupeleka petisio kwa wakubwa wa serikali, yeye mwenyewe ao pamoja na wengine, wao wanapashwa kujibu katika miezi tatu, na mutu hawezi kushitakiwa kwa namna yoyote juu ya kufanya vile. Miezi tatu! Bourgmestre hajajibu bado, lakini mwenye aliuliza tayari iko mbele ya komisio.

Na Code du travail, ile sheria ya mwaka 2002, article 62 inaomba sababu ya kweli kabla ya kufukuza mutu, na inahesabia sababu zenye haziwezi kukubaliwa. Maoni ya siasa ni moja yao. Kama watasema niliyofanya ni siasa, basi wasome article yao wenyewe. Kama watasema haiko siasa, basi waniambie ni nini yenye imeharibisha jina yao. Article 63 inasema mwenye anafukuzwa bila sababu ya kweli anaweza kurudishwa ku kazi, ao kulipwa, na malipo inaweza kupanda paka mishahara ya miezi 36. Ninaandika zile namba hapa makusudi. Watumishi wengi wanatia signature ya «kuacha kazi kwa mapenzi yao» siku yenye wanaogopeshwa, bila kujua zile article ziko.

Avoka mumoja, rafiki wa vuguvugu yetu, alituambia pia juu ya kesi ya Bărbulescu na Romania, yenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikata mwaka 2017. Mutumishi alifukuzwa juu ya ujumbe za binafsi zenye aliandika ku ordinatere ya kazi. Reglema ilikuwa inakataza, na alikuwa anaijua. Hata vile, mahakama ilisema haki yake haikulindwa: reglema ya kazi haiwezi kufuta kabisa maisha ya binafsi ya mutu, na hawakumujulisha mbele kama ujumbe zake zitasomwa kwa kadiri gani. Hukumu ile haitufunge sisi huku Congo. Lakini akili yenye iko ndani yake, hata huku inasikilika.

Nitasema kosa yangu pia, sababu siku ya ine watanitupia ile. Chini ya kila imeli ya kazi, jina ya biro na logo zinajiandika zenyewe. Sikuzifuta. Mutu mwenye kusoma haraka angeweza kufikiri biro njo inaomba maji pamoja na sisi. Ile nilipashwa kuona, sikuiona, na nimeomba samehe kwa maandishi mu jibu yangu ya kwanza. Kwa ile, mutu anaweza kuitwa mu biro, kuambiwa, hata kupewa onyo. Kufukuzwa kwa faute lourde, hapana.

Wenzangu wa kazi, ninyi pia nina neno na ninyi. Mu koridori munanigusa bega, munasema pole pole: «Dada, tuko pamoja na wewe.» Asante. Lakini delege wa sendika, mwenye tulichagua sisi wote, ameniambia nipige magoti, nilie kidogo, direkteri ni muzazi, atasamehe. Papa Delege, ninakuheshimu, uko na umri ya baba yangu. Sikukuchagua unifundishe kulia. Nakuomba ukuje ukae pembeni yangu mu ile salle, na uulize swali moja tu: liste ya michango ya arusi ilipita ku imeli gani?

Vuguvugu yetu inaomba ile farde irudishwe yote, isipokuwa zile kurasa mbili za petisio, na mutu mwenye aliamuru kusoma barua za watumishi ajulikane. Reglema yenye wananishitaki nayo nionyeshwe. Paka leo sijaiona kwa macho. Na kama ni kukataza imeli ya binafsi, basi ikatazwe kwa wote, kuanzia juu. Tumeshaandikia Inspection du Travail, na kama hukumu ya siku ya ine itakuwa ile tunaogopa, tutaendelea paka ku Tribunal du Travail.

Kwa bourgmestre: petisio ilifika, tuko na imeli ya kushuhudia. Hakuna mutu atafukuzwa mahali pako ukijibu.

Siku ya ine, kuanzia saa mbili na nusu, tutasimama ngambo ya barabara, mbele ya mulango ya biro. Hatutafunga njia, hatutapiga kelele, hatutagombana na sentineli, yeye pia anateka maji kama sisi. Mwenye ataweza kuja, akuje na bidon yake, tupu.