Leza Kwanza, Chumba Kisicho na Vumbi Baadaye

Chuo cha umma chenye bajeti finyu kikitaka kufundisha utengenezaji wa vifaa vidogo mno, kijenge chumba kisicho na vumbi au kinunue mashine ya kukata kwa leza na kemikali za haidrojeli? Fedha ni za mlipakodi, kwa hiyo swali hili si la wahandisi peke yao.

Wanaotetea jeli wana hoja nzito. Utando wa haidrojeli ya polima iitwayo PNIPAM hufyonza maji na kuvimba penye ubaridi. Joto likipita takriban nyuzi 32 za Selsiasi, huyatema, hunywea na kuwa mweupe kama tui. Leza ya karakana, ile inayochonga mbao na plastiki, huunguza mstari wenye upana wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Jeli ikichorwa imevimba, mchoro nao hunywea pamoja nayo na kuwa mdogo zaidi. Tayari mwaka 2000, kundi la David Beebe nchini Marekani lilionyesha vali za jeli zinazojifungua na kujifunga kwa kufuata kiwango cha asidi, bila umeme.

Hata hivyo, urahisi huwa na gharama zake. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliifanya jeli inywee mara 10 kila upande, ujazo ukapungua mara 1,000. Lakini walichorea kwa hadubini ya leza, si kwa mashine ya karakana. Jeli hukauka na kupinda, na kipimo cha leo huweza kutofautiana na cha jana. Akrilamaidi, malighafi ya jeli nyingi, hudhuru mishipa ya fahamu. Wala jeli haitachukua nafasi ya silikoni: chipu, ambazo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imeanza kuzitengeneza Nyeri, Kenya, bado zinahitaji chumba kisicho na vumbi.

Kuna pia suala la umiliki. Mwaka 1961, mkemia Otto Wichterle alitengeneza lenzi laini za haidrojeli nyumbani kwake Prague, kwa mashine ya vipande vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli. Hataza za lenzi hizo ziliuzwa Marekani, na biashara kubwa ikakulia huko.

Kwa hiyo vyuo vianze na leza. Chumba kisicho na vumbi kiwe kimoja, cha kutumiwa na vyuo vingi. Lakini bajeti ya leza iwe na hadubini ya kupimia, kabati la kufyonza mvuke na fungu la kusajili hataza. Zabuni isiyo na vitu hivyo vitatu irudishwe.