Nani Kasema Ni Feki?

Neno la kwanza linalomtoka mtu akionyeshwa gari la aina hii ni "feki". Hajaligusa, hajafungua boneti, hajauliza nani alilitengeneza wala lilikaa karakanani miaka mingapi. Feki tu, basi, ameshageuka kutazama kitu kingine.

Nazungumzia Ferrari 250 GTO inayojengwa upya kwa mkono na watu wasio Ferrari. Kuna mtu Uingereza, Marekani au huko huko Italia aliyeapa kwamba kabla hajafa ataligonga gari hilo mwenyewe kutoka bati tupu la alumini. Hasemi ni GTO halisi. Anasema ni heshima kwa GTO. Na sisi, ambao hata nyundo hatujui kushika, tunamcheka. Nimechoka na hicho kicheko, kwa hivyo leo acha tugombane kidogo.

Tuanze na hesabu. Kati ya 1962 na 1964 Ferrari walitengeneza GTO 36 pekee. Injini ya lita tatu, silinda 12, kabureta sita, gia tano, nguvu za farasi kama 300. Zilishinda ubingwa wa magari ya GT miaka mitatu mfululizo. Ikiwa mpya, moja iliuzwa kwa takriban dola 18,000. Agosti 2018, huko California, ile yenye nambari ya chesi 3413 GT ilipigwa mnada kwa dola milioni 48.4.

Sasa sikiza vizuri. Gari hilo la milioni 48 halikuwa na bodi lililozaliwa nayo. Lilitoka kiwandani 1962 na bodi moja, baadaye likavuliwa na kuvalishwa nyingine ya mtindo wa 1964. Hakuna aliyesema feki. Kwa nini? Kwa sababu chesi ina nambari, na nambari ina karatasi. Kumbe tunachokiita "halisi" si bati, si umbo, si mkono wa mtu. Ni karatasi.

Na mambo ya karatasi mimi nayajua, bana. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi, deni la karo likiwa limenipita kimo. Tangu siku hiyo kila mlango ninaobisha naulizwa kitu kimoja: cheti kiko wapi? Hakuna anayeuliza unaweza kufanya nini. Kwa hivyo nilipoanza kusoma habari za GTO, nilitaka kujua kwanza waliolitengeneza walikuwa na vyeti gani.

Aliyelianzisha, Giotto Bizzarrini, alikuwa nacho. Mhandisi kamili, alisoma Pisa. Lakini mwishoni mwa 1961 yeye na wakubwa wenzake kadhaa waligombana na kampuni wakaondoka, gari likiwa halijakamilika. Kazi ikamwangukia Mauro Forghieri, kijana wa miaka 26. Bodi ikaenda kwa Sergio Scaglietti, mtu wa Modena aliyeanza kazi ya gereji akiwa bado mvulana, baada ya baba yake kufariki. Huyu hakuchora kwa rula. Alitumia jicho, waya, nyundo na gunia la mchanga. Enzo Ferrari mwenyewe, ambaye jina lake liko kwenye boneti, digrii yake ya uhandisi alipewa kwa heshima na Chuo Kikuu cha Bologna mwaka wa 1960, alipokuwa tayari ameshinda karibu kila kitu cha kushindwa.

Kwa sababu bodi ziligongwa kwa mkono, hakuna GTO mbili zinazofanana sawasawa. Hata gari moja, upande wa kushoto na wa kulia unaweza kutofautiana. Kwa hivyo ukiniambia fundi wa leo "amekosea umbo la asili", nitakuuliza: la asili lipi? La gari gani kati ya yale 36? Madigadi ya upande gani?

Halafu kuna hili, ambalo wapenzi wa "original" hawapendi kulitaja. Sheria za mashindano ya GT wakati huo zilidai gari litengenezwe angalau mara 100. Ferrari hawakuwa na 100, wala hawakuwa na mpango wa kufika huko. Wakasema hili si gari jipya, ni 250 GT ya zamani iliyoboreshwa tu, na likapitishwa hivyo. Herufi ya mwisho, ile O, ni ya "omologato", yaani limeidhinishwa. Gari lililoingia uwanjani kwa kitambulisho cha ndugu yake ndilo leo tunalilinda dhidi ya waigaji!

Kulilinda kabisa, mpaka kortini. Mwaka wa 2019 mahakama ya Bologna iliamua kwamba 250 GTO ni kazi ya sanaa, ikazuia kampuni moja ya Modena iliyokuwa na mpango wa kutoa gari lenye umbo hilo. Mwaka uliofuata ofisi ya Umoja wa Ulaya inayosimamia alama za biashara ikawanyang'anya Ferrari sehemu kubwa ya haki yao juu ya umbo lile lile, kwa kuwa hawakuwa wamelitumia kwa miaka mingi. Wakabakishiwa magari ya kuchezea watoto.

Mimi nakubali na mahakama ya Bologna kwa nusu. Ndiyo, ni sanaa. Lakini kama ni sanaa, sanaa ya nani? Scaglietti alifariki 2011. Mkono wake hauko kwenye faili la wakili yeyote. Na sanaa ya mkono haijawahi kurithishwa kwa njia nyingine ila kunakili. Mchonga milango Lamu anaanza kwa kurudia ua la mwalimu wake mpaka patasi izoee. Anayefunzwa kushona kanzu anafuata mshono wa aliyemtangulia. Hakuna anayewaita wezi. Tunawaita wanafunzi. Kampuni inayotaka kufyatua magari na kuyauza ni jambo moja, wapelekane huko kortini. Mtu mmoja karakanani na bati lake ni jambo lingine kabisa.

Hebu nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Unaunda kwanza kiunzi cha mbao au waya chenye umbo la gari. Unakata bati la alumini, unene kama milimita moja na nusu. Alumini ukiigonga sana inakuwa ngumu, halafu inapasuka, kwa hivyo lazima uilainishe kwa moto. Shida ni kwamba haiwi nyekundu kama chuma. Inakaa vile vile tu, kisha ghafla inayeyuka. Kwa hivyo mafundi huisugua sabuni. Sabuni ikigeuka nyeusi, ondoa moto. Unalaza bati juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, unagonga. Unalipitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma kulainisha alama za nyundo. Unalipeleka kwenye kiunzi. Halikai. Unarudi. Unagonga tena. Halikai. Fanya hivyo kwa gari zima, kisha uniambie ni feki.

Sasa, sitaki mtu aseme natetea kila kitu. Kuna dhambi mbili hapa.

Ya kwanza ni kuua gari lililo hai. Ferrari walikuwa na gari la familia, 250 GTE, lenye injini ya ukoo huo huo. Halikuwa na jina kubwa, likawa rahisi kununua, na mengi yakakatwakatwa ili yazae GTO za kuiga. Kuna pia wale wanaochukua Datsun 240Z au ndugu zake, wakazivua bodi na kuzivika faibaglasi yenye sura ya Ferrari. Hapo mimi kama Mkenya nasimama. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Ilipita kwenye matope na mawe yetu ikafika nyumbani ya kwanza. Gari kama hilo lina heshima yake. Haliombi kuazimwa uso wa Mwitaliano.

Dhambi ya pili ni uongo. Anayegonga bodi nzuri kisha akaibandika nambari ya chesi isiyo yake amegeuka kutoka mwanafunzi akawa tapeli, na nyundo yake haitamtetea. Tena anawaponza wengine wote, kwa sababu yeye ndiye anayewapa watu ruhusa ya kusema "feki" bila kuangalia mara mbili.

Lakini ona: dhambi zote mbili hazitoki kwenye kuiga. Zinatoka kwenye bei. Karatasi ikifika dola milioni 48, kuna atakayeigushi. Karatasi ikiwa ndiyo kila kitu, mkono unakuwa si kitu, na gari la familia linakuwa spea. Unaweza kufunga karakana zote za Ulaya na ugonjwa huo ukabaki pale pale.

Nilipotoka chuo nilienda kukaa na mjomba, Kariobangi. Ni fundi wa bodi. Siku moja mteja alileta Peugeot 504 pikapu, madigadi ya mbele imeliwa na kutu yote, na spea hakuna mjini. Mjomba akachukua bati, akagonga siku tatu. Mteja alipokuja alizunguka gari mara mbili, akapapasa, akauliza, "Fundi, umeipata wapi hii? Ni original?"

Nilimwangalia mjomba. Angeweza kusema ndiyo na kuongeza elfu kadhaa. Yule mteja asingejua.

"Hapana," akasema. "Hii nimegonga mimi."

Mteja akanyamaza kidogo, akapapasa tena, akalipa bei waliyokubaliana. Baadaye mjomba aliniambia kwamba ndani ya kila madigadi anayotengeneza huandika jina lake na tarehe kwa msumari kabla ya kupiga rangi, upande wa tairi, mahali pa matope.

Nakuomba wewe unayejenga GTO yako huko uliko ufanye hivyo. Usiguse nambari ya chesi ya mtu. Chukua msumari, ingia chini ya madigadi, andika jina lako na mwaka.

Na wewe unayecheka, kabla hujasema neno, inama uchungulie.